Mvua, Shamba na Riziki: Waadhi kwa Wakulima wa Pwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye mvua ni yake, na ardhi ni yake, na mbegu ni yake, na mkono ushikao jembe ni wake. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika mwezi wa Novemba mwaka wa 2022, baada ya sala ya Ijumaa, alinijia mtu mmoja wa makamo, mkulima wa bara ya Kilifi. Alingoja hata watu wakatoka, kisha akaniambia: “Maalim, vuli ya 2020 nililima nisivune. Masika ya 2021 nililima nisivune. Vuli yake vile vile, na masika ya mwaka huu kadhalika, na hii vuli ya sasa waiona mwenyewe. Ng'ombe wawili nimeuza, watatu wamekufa. Sasa yuko tajiri mmoja ataka kununua maembe ya miembe yangu ya miaka mitatu ijayo, na fedha anipe leo. Niambie, ni halali au ni haramu?”

Jawabu yake niliijua, kwani ni masala ambayo mwanafunzi wa fikihi huyasoma mapema. Lakini niliona haya kuitamka, kwa kuwa nilijua kwamba nikimwambia haramu kisha nikanyamaza, atatoka msikitini na dini yake katika mkono mmoja na njaa katika mkono wa pili. Nikamwomba muhula wa juma moja. Waraka huu ni yale niliyoyakusanya katika juma lile, pamoja na yaliyonidhihirikia katika miaka iliyofuata.

Ndugu zangu, yaliyompata mtu yule hayakumpata peke yake. Tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo mvua ilipungua mno katika sehemu kubwa za pwani na bara ya Kenya, na Somalia, na kusini ya Uhabeshi. Kisha mwisho wa mwaka wa 2023 ikaja mvua ya kugharikisha, ikakata barabara, ikafunika mashamba ya ukingo wa Mto Tana. Na mwezi wa Mei 2024 tufani iliyopewa jina la Hidaya (jina jema kwa jambo zito) ikafika pwani ya Tanzania upande wa Mafia. Basi mkulima wa leo hateswi na ukame tu. Ateswa na kutojua ni kipi kitakachomjia, jua au gharika.

Wajuzi wa hali ya hewa wametueleza sababu zake. Bahari yetu hii ya Hindi, ikipata joto upande wetu wa magharibi na kupoa upande wa Sumatra, mawingu hutujia sisi, na vuli ikawa ya mafuriko kama ile ya 2019. Ikigeuka, joto likaenda mashariki, vuli yetu hukauka. Hayo yalikuwako tangu zamani. Lililo jipya ni kuwa dunia nzima imezidi joto kwa moshi wa makaa na mafuta yachomwayo tangu viwanda vilipoenea Ulaya na Marekani, na joto hilo huufanya ukame ukaushe zaidi na mvua inyeshe kwa nguvu zaidi.

Wako katika sisi wasemao: “Mvua imezuiwa kwa madhambi yetu, basi hapana dawa illa istighfari.” Mimi siikanushi istighfari, wala hapana Muislamu awezaye kuikanusha. Nabii Nuhu aliwaambia watu wake waombe maghufira, akawapa matumaini ya mvua, na sala ya kuomba mvua ni suna ya Mtume wetu (S.A.W.) isiyo na shaka, nasi twaifanya mara chache mno kuliko itupasavyo. Lakini ni nani aliyesema kuwa mwenye kuomba mvua na aweke jembe chini? Na Suratur-Rum yatufahamisha kuwa ufisadi uliodhihiri bara na baharini umetokana na yaliyochumwa na mikono ya watu. Na mikono ni mingi, ndugu zangu. Mingine iko mbali sana na shamba la muhogo la Ganze. Mkulima wa Ganze hana kiwanda. Basi tusimwongezee msiba kwa kumwambia kuwa njaa yake ni ushahidi wa uovu wake.

Wengine hufanya kinyume cha hayo: hukaa wakasema “tumetawakali”. Habari ya bedui aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au atawakali, killa mmoja wetu ameisikia, na jawabu yake ilikuwa amfunge kisha atawakali. Aliyeacha kufunga hakutawakali. Alizembea, akaipa uzembe wake jina la ibada.

Tazameni kisa cha Nabii Yusuf, ambacho twakisoma kwa sauti nzuri tusikitie moyoni. Mfalme wa Misri aliota, wenye elimu wake wakashindwa, akaulizwa Yusuf naye yu gerezani. Hakusema kuwa njaa ni kadari, basi na wangoje. Wala hakusema haitakuja. Alitoa shauri la mkulima: miaka saba walime kwa bidii, na wanachovuna wakiache ndani ya mashuke yake, illa kidogo cha kula, kisha itakuja miaka saba migumu itakayokula akiba ile, illa kichache watakachokihifadhi. Na wafasiri wamesema kuwa hicho kichache ni mbegu.

Humo mna mambo matatu. La kwanza ni kuihifadhi nafaka ndani ya ganda lake, kwa kuwa ikiwa hivyo haipatwi upesi na wadudu wala unyevu. Na bibi zetu waliyajua hayo, wakitundika mahindi na mtama darini juu ya moshi wa jiko. La tatu ni mbegu, ambayo mwenye njaa huila mwisho, na akisha kuila amekula mwaka wake ujao. Lakini la pili ndilo lililo gumu, nalo ni kula kidogo katika mwaka wa neema. Nitasema ya nafsi yangu nisije nikamsema mtu. Mwanzo wa mwaka wa 2020, baada ya ile vuli kubwa, shamba la urithi nililo nalo lilitoa mahindi ambayo sijapata kuyaona mfano wake. Niliyauza yote kabla ya mwezi kupita, tena kwa bei ya chini, kwani killa mtu alikuwa akiuza. Nikaezeka nyumba bati jipya. Miaka iliyofuata mbegu niliinunua kwa fedha ya kukopa. Na Suratu Yusuf naihifadhi kwa moyo tangu utoto.

Sasa wakati wa kupanda. Wazee wetu walikuwa na hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, wakiugawanya kwa miongo ya siku kumi kumi. Baharia akajua wakati wa kusafiri, na mkulima akajua wakati wa kuchoma shamba na wakati wa kutia mbegu. (Mambo yafanywayo siku ya mwaka katika baadhi ya miji ni mlango mwingine, sitaufungua hapa.) Ile ilikuwa elimu, wala haifai kuichekelea. Lakini masika yakichelewa majuma matatu, au yakaja siku tano kisha yakakatika, mwenye kupanda kwa mwongo peke yake ni kama mtu apimaye kwa kibaba kilichotoboka. Idara ya hali ya hewa hutoa khabari ya msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Na wako watu wema walioniuliza kama kuisikiliza si kumsadiki mwenye kudai ghaibu. La. Yule hasemi kuwa aijua ghaibu. Asema kwa alama, mara nyingine hupata na mara nyingine hukosa, kama tabibu ashikaye mkono wa mgonjwa. Anayeiacha khabari hiyo kisha akaenda kwa mpiga bao kuulizia mvua, huyo ndiye wa kuulizwa habari ya imani yake.

Na katika vya kupanda, pwani hii ilikula mtama kabla ya kula mahindi. Mahindi yana kiu. Yakikosa maji wiki mbili wakati wa kutoa ua, yamekwisha. Mtama hujikunja ukangoja. Muhogo hungoja zaidi. Kunde na pojo huivaa haraka, zikavunwa kabla ya jua kuzifikia. Ufuta nao hustahimili jua na una bei sokoni. Sisemi mtu aache mahindi kabisa, kwani watoto wetu wameyazoea, na kituo cha utafiti cha Mtwapa kilitoa mbegu za mahindi za nchi hii ya chini ya pwani, zile ziitwazo PH1 na PH4, zilizo bora kwetu kuliko mbegu za nchi ya baridi ambazo wauzaji hutupa kwa kuwa zimebaki ghalani. Nasema mtu asiitie riziki yake yote katika mmea mmoja.

Na ushahidi wa hayo tunao katika tarekhi yetu wenyewe. Tarehe 15 Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash bin Said, tufani iliipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, watu wakazidi kupanda mikarafuu Pemba, na tangu zama zile Pemba ikaishinda Unguja katika karafuu. Mkarafuu hukaa miaka saba au minane kabla ya kuzaa vyema. Basi mwenye shamba la Unguja aliyekuwa na karafuu tupu, miaka ile alikula nini? Muhogo ulio ndani ya ardhi haung'olewi na upepo.

Kuna na kazi ya mashimo, ambayo wengi wa bara yetu wameianza. Mtu huchimba shimo la futi mbili kwa futi mbili, na kina chake futi mbili, akarejesha udongo wa juu uliochanganywa na samadi, asilijaze hata juu, ili maji yapate pa kutuama. Akatia punje tano mahali pakavu, au tisa penye mvua. Mvua moja ikinyesha, maji yaliyokuwa yakikimbilia mtoni hukaa pale. Kuyachimba ni taabu kubwa mwaka wa kwanza, sitaki kuwadanganya. Lakini hutumika misimu kadhaa.

Nisipite bila kuwataja ndugu zetu wa pwani ya mashariki ya Unguja, ingawa shamba lao ni la majini. Tangu mwaka wa 1989 watu wa huko, na aghlabu yao ni wanawake, hulima mwani na kuuza ng'ambo. Aina ya bei kubwa, iitwayo kotonii, imekuwa ikifa katika maji mafupi, kwa kuwa yamezidi joto. Baadhi yao wamehamia maji ya kina, wakapanda ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Wengine hawauzi tena mwani mkavu tu, bali huusaga wakafanya sabuni. Kazi ya maji ya kina yataka chombo na yataka kujua kuogelea. Basi enyi wanaume, mwenye mke au binti katika kazi hiyo na amwezeshe kujifunza kwa stara yake, asimzuie akaja akampoteza. Na akichuma, chumo ni lake. Suratun-Nisaa imelikata shauri hilo, kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mwaka mgumu haumwondolei mume wajibu wa kulisha. Akimsaidia kwa ridhaa yake, hiyo ni sadaka yake, na yafaa ashukuriwe.

Turejee sasa kwa mtu wetu na miembe yake.

Kuuza matunda ya miaka ijayo kumekatazwa na Mtume (S.A.W.), na kadhalika kuuza tunda lililo mtini kabla ya kudhihiri kufaa kwake, illa kwa sharti ya kulichuma papo hapo. Na sababu yake imetajwa katika hadithi: Mwenyezi Mungu akilizuia tunda, mtu atahalalisha kwa nini mali ya ndugu yake? Watu hudhani kuwa makatazo haya yamembana mkulima. Nilimwomba yule bwana anionyeshe karatasi ya yule tajiri, nikaisoma. Bei ilikuwa chini ya nusu ya bei ya soko. Na chini kabisa imeandikwa kuwa mwaka ambao miembe haitazaa, fedha ya mwaka huo itageuka kuwa deni, na deni litaongezeka killa mwezi. Basi tajiri alikuwa hanunui maembe. Alikuwa anunua ukame. Ukija mvua apata, ukija jua apata zaidi. Hayo ni gharari yaliyozaa riba, na Sharia iliyoyakataza ilikuwa inamlinda yule aliyekuja kuniuliza.

Lakini Sharia hiyo hiyo imefungua mlango, nao ni bei ya salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakiuziana tende kwa kulipwa kwanza, mwaka mmoja na miwili. Hakuwakataza, bali aliwaamuru iwe kwa kipimo maalumu, na uzani maalumu, na muda maalumu. Na sharti zake katika madhehebu yetu ya Imam Shafii ni hizi: fedha yote ikabidhiwe katika kikao kile kile, kitu kielezwe aina yake, sifa yake na kiasi chake, muda ujulikane, kiwe ni kitu kitakachopatikana muda huo ufikapo, wala kisifungwe na shamba fulani wala mti fulani. Hili la mwisho ndilo siri yake. Mwenye kuuza gunia mbili za pojo kwa salam hakuuza mazao ya shamba lake. Amejifunga kuleta gunia mbili za pojo, na shamba lake lisipozaa atazinunua sokoni. Kwa hiyo naonya: mwenye kutaraji gunia kumi asiuze kwa salam zaidi ya mbili au tatu. Na mnunuzi asiitumie dhiki ya mwenziwe kumvunja bei. Mkataba huenda ukasihi, lakini hesabu iko mbele.

Na aliyenunua tunda lililokwisha kufaa, kisha likapatwa na tufani au gharika kabla ya kuvunwa, Mtume ameamuru kusamehewa thamani yake. Imam Malik ameona kuwa ni wajibu ikiwa lililopotea ni thuluthi au zaidi. Imam Shafii, katika kauli yake ya mwisho, ameona kuwa ni jambo la kupendekezwa. Tangu niyaone ya 2023, sipendi kumwona Mshafii ajificha nyuma ya neno “kupendekezwa”.

Enyi wenye maduka na maghala, nanyi mna sehemu yenu. Mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka wa Ramada, Hijazi ilipokauka hata ardhi ikawa kama majivu, Sayyidna Umar aliandika Shamu kutaka chakula, akajizuilia samli hata watu wapate, na zaka ya mwaka ule akaiakhirisha. Hakufunga ghala akangoja bei ipande. Kuhodhi chakula ni haramu, na mwenye kukihodhi huko Mombasa au Malindi na wakulima wa bara wanauza mbuzi kwa bei ya kuku, asidhani kuwa hilo ni jambo la biashara tu.

Juma lilipotimia, mtu wetu alirudi. Nilimwambia kuwa karatasi ile aiache. Jamaa wa msikiti walikuwa wamechanga kidogo, nasi tukamkopesha karadha isiyo na ziada. Na mwenye duka mmoja akanunua kwake gunia mbili za pojo kwa salam, kwa bei ya haki, za kuletwa baada ya miezi minane. Alichimba mashimo na wanawe, akapanda mtama na pojo na kunde, na mahindi kipande kidogo. Masika ya 2023 shamba lake lilipata mvua ya kutosha mtama, mahindi yalikauka. Pojo alileta kwa wakati wake. Vuli iliyofuata gharika ilichukua kunde zote.

Mwaka jana alichimba lambo, akapata pampu ndogo, akawa amwagilia mvua ikatikapo. Baada ya mavuno akanijia tena, ila safari hii hakungoja watu watoke. Ameweka gunia nane za mtama, killa gunia kilo 90, na kunde gunia moja. Naye angali ana deni la pampu. Je, deni lamwondolea zaka? Nikamwambia kuwa katika kauli yenye nguvu kwetu halimwondolei. Kunde zake hazifiki nisabu wala haziunganishwi na mtama. Nisabu ni wasaki tano, ambazo maulamaa wa leo huzikadiria kama kilo 650, na mtama wake ni kilo 720, umepita. Kinachomea kwa mvua kina fungu moja la kumi. Kinachomwagiliwa kwa taabu na gharama kina nusu ya fungu hilo, kwa huruma ya Sharia kwa mwenye kutoka jasho. Na chake kimekunywa nusu mvua na nusu pampu, basi ni robo tatu ya fungu la kumi.

Akapiga hesabu kwa vidole, akapata kilo 54. Akaziagiza zipimwe kwa mizani ya duka mbele yangu, kisha akaniuliza kama yafaa ampe jirani yake mmoja aliyetia saini karatasi ya yule tajiri mwaka ule wa 2022, na miembe yake haikuzaa. Nikamwambia yafaa, kwani wenye madeni ni katika waliotajwa kupewa zaka. Akatia gunia begani, akaondoka.

Wallahu aalam.